Mbwa Aliyeambiwa Akae

...na aliishaje, ndivyo linavyouliza swali la tisa, mbwa wako wa mwisho aliitwa nani na aliishaje, mstari mmoja tu wa kujibia, na Wamucii ameishika kalamu juu ya mstari huo huku jua la saa nne likimchoma shingo, yale manane ya kwanza ameyajaza bila kusita, jina, nyumba ya Dagoretti, ua una lango, ndiyo, mifugo, mbuzi sita, nani hushinda nyumbani mchana, mimi, nimestaafu, na upande wa pili wa wavu yule mbwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya miguu ya mbele, mweusi mwenye shingo nyeupe, wa ukoo wa mbwa wa kuchunga, macho hayambanduki, Biskuti ndilo jina walilompa huko Kilimani, Biskuti, jina gani hilo la mbwa mwenye kazi, baba angecheka hadi akohoe... "Walimfuga kwa fleti, ghorofa ya tano," anasema Nzembi, msichana wa hiki kituo cha mbwa waliookolewa, gambuti za kijani, ndoo mkononi, "jioni anashuka anakusanya watoto wote wa ploti, anawasukuma kwa kona, anawagusa visigino na meno hivi kidogo, hakuna mtoto anatoka," na Janice, binti yake Wamucii, anacheka, "Mami, huyo ni wewe siku ya Krismasi," naye Wamucii anatabasamu kwa adabu lakini hasikii vizuri, kwa sababu mbwa huyu halali, hawa hawajui tu, huyu yuko kazini, anangoja neno, Karani, mbwa wa baba wa kuswaga ng'ombe, alilala hivihivi, kidevu vilevile, mbele ya machinjio, ng'ombe ishirini wa watu nyuma yake na baba amekwenda kumtafuta mwenye kupokea, saa nzima, saa mbili, Karani, baba alimpa jina hilo kwa sababu ng'ombe mmoja akipungua alikataa kwenda hatua moja, ukimwambia kaa alikaa, na hakuinuka mpaka aliyemkalisha ajipige paja mara mbili, pa, pa, na waliosikizwa walikuwa wawili tu, baba na yeye Wamucii... "Hilo la tisa ndilo bosi anasoma kwanza," Nzembi anaendelea, "wiki jana tulimrudisha mzee mmoja hivi hivi, aliandika alihama akaacha mbwa na nyumba," na Janice anachungulia karatasi, "si uandike alitoroka, Mami, si ndivyo umetuambia miaka yote," ndiyo, miaka yote, hata kwenye kijitabu cha mazishi ya baba, Ephantus, aliyekiandika ni Wamucii mwenyewe, tarehe kwa tarehe, alimsumbua mjomba wiki mbili juu ya mwaka wa ubatizo, akaipigia simu parokia, na ukurasa wa nne, kwa mkono wake huu huu, siku tuliyohamia Nyandarua mbwa wetu Karani alitoroka... lori lilikuwa limejaa, kitanda juu ya kabati, mama amepakata kuku, na baba hakumtazama usoni aliposema, mwambie akae, wewe anakusikia, akifuata lori atakanyagwa, nitamrudia Jumamosi, naye Wamucii ana miaka kumi na minne, akamwambia, Karani, kaa, akalala pale langoni, na lori lilipokata kona alikuwa hajainua hata kidevu, Jumamosi ikapita, na nyingine, barabara ni mbovu, ng'ombe wanaumwa, hadi Desemba alipokuja Kibe, jirani wa zamani, akaanza kusimulia kabla hajakaa vizuri, yule mbwa wenu, jamani, mvua juu yake, nikamvuta kwa kamba nikamfunga kwangu, akaitafuna akarudi palepale, siku ya kumi na nane nikamkuta amekufa... na wadogo zake Wamucii wakaingia mbio wakiuliza Karani yuko wapi, na yeye, birika mkononi, akawaambia alitoroka, akamimina chai, hakumwaga hata tone, na baba akamtazama, mara moja, akaufunika uso kwa kikombe, Kibe akajisogezea sukari, na tangu siku hiyo ndivyo ilivyokuwa, akadhani anamhifadhi baba, akadhani anawahifadhi wadogo, lakini alitoroka ni habari ya Karani, si ya baba, ni kumsingizia mbwa jambo moja ambalo hakulifanya maisha yake yote, hata kwa mvua, hata kwa kamba, yeye anayewasahihisha watu tarehe matangani amemwandika mwaminifu kuwa mtoro, akamchapisha, nakala mia tatu, na aliyemkalisha si baba, baba alisema tu, sauti ilikuwa yake, paja lilikuwa lake, pa, pa, ni hilo tu lililobaki la kumwinua, na hakuna mwingine duniani ambaye angelifanya... wakimnyima huyu watakuwa na haki, mbuzi watazidi kuhangaika barabarani, Biskuti ataendelea kulala hapa akingoja neno kwa mtu wa ghorofa ya tano, inauma, lakini hawezi kumwingiza huyu langoni kwa uongo uleule uliomwacha yule nje... "Mami, umekwama wapi?" anauliza Janice, na kalamu bado iko pale ilipokuwa, mstari bado mweupe, mbwa bado hajapepesa, naye Wamucii anamgeukia Nzembi, sauti yake ya kawaida, ya chini, "Huu mstari ni mfupi, mama. Niletee karatasi nyingine."