Sanduku Halitoki

"Sanduku halitoki," mke wa Mwalimu alirudia, safari hii akiwa amelikalia.

Mwalimu akamweleza tena, polepole, kama anayefundisha darasa zito, kwamba madaftari yaliyomo ni chakula cha mchwa tu. Hadithi za marehemu mama yake, ambazo bibi huyo alimsimulia mwaka mzima kabla hajafumba macho naye Mwalimu akaziandika kwa mkono, alishazichapa zote kwenye kompyuta. Kutoka huko zilihamia kwenye disketi, kisha CD, na sasa zimo kwenye flashi iliyoning'inia shingoni mwake kama hirizi. Mnunuzi wa karatasi chakavu alikuwa keshafika mlangoni na gunia lake.

Mkewe alikuwa mtunza stoo miaka ishirini na mitano, na hakuwahi kusaini boksi kabla ya kulifungua. Hata siku ya harusi alifungua zawadi mbele ya waliozileta.

"Fungua hiyo flashi nione."

"Huniamini?"

"Wewe nakuamini. Boksi silijui."

Binti yao akaleta laptopu. Majina yakajipanga, hadithi arobaini na moja, kila moja na kimshale pembeni. Mwalimu akatabasamu kama mshindi, akabonyeza. Haikufunguka. Akabonyeza nyingine. Kufika ya tisa, tabasamu lilikuwa limeshahama.

Binti alijitahidi asicheke, akashindwa. Akaeleza kwamba vile vimshale ni vibao vya kuelekeza tu. Baba amehamisha vibao miaka kumi na tisa, nyumba yenyewe, yaani hadithi, akaiacha kwenye kompyuta ya kwanza. Ile aliyompa fundi aitoe vipuri.

Mwalimu akakaa sakafuni. "Sizikumbuki, mama watoto. Nilijua zimo humu, sikuona haja ya kuzishika kichwani."

Pole ingesubiri. Mkewe alinyanyuka, akafungua sanduku, akapuliza vumbi, akatoa maagizo. Binti apige picha kila ukurasa. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa shangazi yake, ya tatu ichapwe kwenye karatasi. Na kila mwaka zote zifunguliwe, zisomwe.

"Na mimi?"

"Wewe usiguse mashine. Soma kwa sauti, tujue kama mwandiko wako unasomeka."

Akamrudisha mnunuzi bila karatasi, akampa kopo la zile CD akazitundike shambani kutishia ndege. Aliporudi, Mwalimu alikuwa amevaa miwani, anasoma hadithi ya kwanza: mke wa mtu, mvivu, mdomo hauna kifuniko. Mkewe hakuhitaji kuambiwa mama mkwe alikuwa anamsema nani.

"Piga picha," akamwambia binti, akashika ukurasa usikunjike.