Faili la Bi Kwa Nini

Shemeji yangu alinifungulia mlango akiwa na bisibisi mkononi, na hakuniambia karibu.

"Saa nane wenzangu wanakuja kuichukua kompyuta," alisema. "Ukichelewa, shauri yako."

"Sasa hivi ni saa nne."

"Saa ninayo."

Ilikuwa Jumamosi, wiki ya tatu tangu tumzike dada yangu. Alianguka kazini, kwenye dawati la mapokezi la kliniki ya meno alikokaa miaka kumi na sita, simu ikiwa sikioni. Presha. Wenzake wanasema mgonjwa aliyekuwa upande wa pili wa simu aliendelea kuuliza kama Jumanne kuna nafasi.

Mimi ni mdogo wake, wa pekee. Nimesoma hadi kidato cha nne na ninatunza stoo ya kiwanda cha rangi. Ninaandika haya kwa sababu nimeanza kusahau baadhi ya maneno yake, na sitaki kuyasahau, hata yale yaliyoniuma.

Shemeji ni fundi wa friji. Nusu ya sebule yao ilikuwa yake: kompresa chakavu, mabomba ya shaba, milango ya friji imeegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa. Dada aliachiwa kona kati ya kabati na dirisha, na meza ambayo sahani mbili zingeijaza. Hapo ndipo kompyuta yake ilipokaa. Shemeji alitaka kuifuta yote na kuipeleka karakana ili mafundi wawe wanatazamia michoro ya friji.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na faili moja lililonileta. Dada aliliita Maswali. Kila swali lilikuwa na namba yake, na chini yake maneno mawili yasiyobadilika: Njia, halafu Jibu. Yalikuwa elfu moja mia tisa na kidogo, na hayakupangwa kwa mada. Alilotaka kulijua asubuhi aliliandika asubuhi. Kwa nini kompyuta ya kliniki inamweka mgonjwa namba kumi kabla ya namba mbili? Alisumbuka nalo wiki mbili, akaazima kitabu, akagundua kwamba mashine ilikuwa inazisoma zile namba kama maneno, herufi ya kwanza kwanza, kama mtu anayetafuta neno katika kamusi. Akairekebisha mwenyewe. Daktari alipojua, alimwambia akae mapokezi, mambo ya programu yana wenyewe.

Swali lililofuata lilihusu tamthilia ya saa moja. Watu wa kwenye tamthilia wakipigiana simu, huagana? Alihesabu simu sitini na moja. Walioagana ni katika simu nne tu. Aliwatangazia majirani waliokuja kutazama, na tangu siku hiyo wakawa wanatazamia kwingine, kwa kuwa kila simu ilipolia kwenye kioo walijikuta wakisubiri kwaheri badala ya kusikiliza habari. Baada ya hapo, sisimizi: huogopa mstari wa chaki, au ni maneno ya watu? Baada ya sisimizi, friji. Fundi, yaani mume wake, alikuwa amemwambia baridi kali kwenye friji yao iko juu. Dada aliazima vipimajoto vitatu, akaviacha ndani siku nzima, na Jibu likawa: "Nyuma ya rafu ya pili. Fundi amekasirika."

Jina la Bi Kwa Nini alipewa na shemeji, na hakumpa kwa mapenzi.

Nilikaa kwenye kiti chake na kutoa flashi mfukoni. Shemeji akaweka kidole juu ya kibodi.

"Ngoja kwanza. Mle ndani kuna habari zangu. Nimeziona wiki iliyopita. Unazifuta mbele ya macho yangu, halafu unabeba zilizobaki."

"Habari gani?"

"Tafuta 'mume wangu'. Ziko tisa."

Nilitafuta, nikaisoma ya kwanza kwa sauti, ingawa alikuwa amesimama pale pale. Niseme kweli: niliisoma kwa sauti kwa sababu alikuwa amesimama pale pale.

"'Swali la elfu moja mia moja themanini na nane. Mume wangu akirudi kazini, ataniuliza jambo lolote lisilohusu chakula au ufunguo? Njia: kuhesabu kwa siku thelathini. Jibu: mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza kama kichwa bado kinauma. Mara ya pili aliniuliza kama nimeona bisibisi yake. Hiyo nimeihesabu kwa huruma.'"

Nilicheka. Bisibisi yenyewe ilikuwa mkononi mwake.

"Cheka," shemeji alisema. "Cheka mpaka ushibe. Halafu ufute."

"Sifuti."

"Nyumba ya nani hii?"

"Ya kwako. Lakini dada hakuwa mbuzi, kila mtu akate kipande anachokipenda. Linabaki zima kama alivyoliacha."

"Unataka watu wanisome?"

"Ungemuuliza mkeo maswali usingesomwa."

Mishipa ya shingo ilimsimama. Nilifikiri atanipiga, na sehemu yangu moja ilitamani anipige, maana wiki tatu nzima nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye. Hakunipiga.

"Kwa hiyo hakuna kinachofutwa. Hata nukta?"

"Hata nukta."

"Hata ya kwako?"

"Hata ya kwangu. Mimi nina nini cha kuficha? Mimi ndiye niliyekuwa namsikiliza."

Alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Kisha akaitia bisibisi mfuko wa nyuma.

"Haya, msikilizaji. Friji ya jirani inalia tangu juzi, naenda kuitazama. Soma, jinafasi. Nikirudi tutaamua."

Mlango ulipofungwa, ningeweza kunakili faili na kuondoka. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Badala yake niliandika "mdogo wangu" na kubonyeza tafuta.

Nilikuwa na uhakika wa nitakachokikuta. Watu wote walimkimbia dada yangu alipoanza na swali. Mama, alipokuwa hai, alikuwa anaukumbuka mchuzi jikoni ghafla. Mimi nilikuwa nakaa. Nilikuwa nasema "enhe" na "kumbe" mahali panapotakiwa. Nilijua mahali fulani katika maswali yale elfu na zaidi ameandika kwamba alikuwa na mdogo wake.

Ilikuwa moja tu. Shemeji alikuwa na tisa, mimi moja, namba mia saba na nne. Ilikuwa fupi. Niliisoma mara mbili, nikainuka, nikachungulia dirishani kama shemeji anarudi, nikakaa tena. Yaliyokuwamo nitayaandika mbele, pale nilipolazimishwa kuyaandika.

Nilijiambia aliandika siku aliyokuwa amechoka. Nilijiambia angeishi angeibadilisha, na kwamba kitu kimoja kati ya elfu mbili si kitu. Nikaifuta. Nikahifadhi, nikalifunga faili, nikalifungua tena nione kama kweli imetoka. Ilikuwa imetoka. Baada ya mia saba na tatu, iliyohusu kwa nini nyimbo za matangazo hung'ang'ania kichwani, ilifuata mia saba na tano, iliyohusu mwezi.

Shemeji alirudi akijifuta mikono kwenye suruali.

"Friji nzima kabisa," alisema. "Wameibana ukutani, haipumui. Watu!" Alivuta kigoda akakaa nyuma yangu, karibu hata nikasikia anavyopumua. "Umebadili mawazo?"

"Hapana. Yote yanabaki kama alivyoyaacha."

Niliyasema hayo kwa kinywa changu mwenyewe, na sauti haikutetemeka.

"Vizuri sana," alisema. "Fungua mia saba na nne."

Sikugeuka. Nilishika kipanya nikateremsha ukurasa polepole, kana kwamba nikienda taratibu ingejiandika yenyewe njiani. Mia saba na mbili. Mia saba na tatu. Mia saba na tano.

Shemeji hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mkuki kwa nguruwe, shemeji."

"Ulijuaje?"

"Alinisomea. Alikuwa ananisomea kila jioni nikila, yote, sisimizi wake na kompyuta zake. Zangu tu ndizo hakunisomea." Alisogeza kigoda mbele. "Hiyo yako alinisomea mara mbili. Niliomba mimi arudie. Nilicheka hadi nikapaliwa na chai."

Nilitafuta cha kumrushia, nikakipata.

"Alikusomea kila jioni, na kwa mwezi mzima ukamuuliza mara mbili?"

"Nilikuwa namsikiliza. Kusikiliza hakuhesabiwi?"

"Yeye alihesabu alichokisikia."

Kigoda kililia nyuma yangu. Hilo lilimwingia, nilijua, na sikumwonea huruma.

"Rudisha," alisema.

"Haiwezekani. Nimehifadhi, nimefunga."

"Basi andika upya. Hapa hapa, mbele yangu. Au flashi yako inatoka tupu, na saa nane hakuna faili, si langu, si lako, si la sisimizi."

Hakuwa anatania. Tayari alikuwa ameushika waya wa umeme wa kompyuta, na mtu anayeishi kwa kung'oa nyaya hana haja ya kutisha. Nikaweka mshale baada ya mia saba na tatu, nikaandika namba.

"Swali," alisema shemeji.

"Mdogo wangu huja kwangu kwa nini?"

"Hivyo hivyo. Njia."

"Nimeandika kila alipokuja, Januari hadi Desemba."

"Jibu."

"Alikuja mara kumi na nne. Mara tisa..."

"Si tisa."

"Ni tisa."

"Kumi na moja. Usinifanye mtoto, alizitaja moja moja. Simu, mara nne. Redio, mara mbili. Pasi. Feni. Ile televisheni ndogo, mara mbili, na ya pili ulisema sisi ndio tulioiharibu. Saa ya mkono. Jumlisha."

Nilijumlisha kwa vidole, chini ya meza.

"Mara kumi na moja alikuja na kitu kilichoharibika," niliandika. "Mara mbili alikuja na njaa."

"Enhe," shemeji alisema, kwa sauti yangu kabisa. "Na ile moja iliyobaki."

"Mara moja alikuja mikono mitupu, akakaa dakika nane, akaondoka. Hiyo sijaielewa. Nitamuuliza."

Hakuwahi kuniuliza. Yeye, aliyemuuliza daktari kwa nini meno ya mbele hayaozi kama ya nyuma, aliyewauliza wauza nyanya na wachimba mitaro, hakuniuliza mimi. Au pengine aliuliza, nami nikajibu "enhe".

Vidole vyangu vilianza kuandika vyenyewe. Jibu: nilikuja kukusalimu tu, dada.

Mkono wa shemeji ulitua juu ya kibodi, mzito, wenye makovu ya kuungua kwa gesi.

"Hilo aliliandika yeye?"

"Hapana. Lakini ndio ukweli."

"Unaikumbuka siku hiyo?"

Nilijaribu. Nimejaribu pia baadaye, kitandani na stoo na njiani. Dakika nane za mwaka mmoja wa zamani. Sijui nilivaa nini, sijui tulizungumza nini, sijui hata kama ilikuwa mvua au jua.

"Siikumbuki."

"Basi toa."

Nikatoa. Yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza kuhifadhi, kwa kidole kimoja, kwa nguvu kama anayezima king'ora.

"Na zako?" nilimuuliza. Niliona ni zamu yangu kumpa kitu. "Tuzifute? Tisa zote. Sitasema kwa mtu."

Alisimama, akakirudisha kigoda mahali pake.

"Zangu ziache," alisema. "Atakayesoma ataniona nilivyokuwa. Lakini aone pia nani aligusa na nani hakugusa."

"Ulikuja juu tangu asubuhi unataka zifutwe!"

"Nilitaka. Sasa sitaki. Sitaki kufanana na wewe."

Alisubiri hadi mstari wa kunakili ukajaa, akaichomoa flashi mwenyewe akanipa. Kisha, nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha dada, akaanza kukunja nyaya. Nilitoka. Wenzake walikuwa wanashuka kwenye pikapu nje, wakanipa pole, nikaipokea.

Faili ninalo. Ninalisoma moja baada ya moja, jioni, na nimefika mia tisa na kitu. Dada alikuwa na mazoea ya kubonyeza kitufe cha nafasi mara mbili baada ya kila nukta, sijui alifundishwa na nani. Mimi nabonyeza mara moja. Ukitazama kwa makini mia saba na nne unaona maneno yamesongamana kuliko ya juu yake na ya chini yake, na mtu mwenye jicho kama lake angejua mara moja kwamba pale amepita mtu mwingine. Ningeweza kuongeza zile nafasi. Nimeweka mshale pale mara kadhaa, kisha nikauondoa.

Shemeji tunapishana barabarani karibu na kituo cha mafuta. Hatusalimiani.