Sauti ya Mama Concessa

Kwenye kampasi ya Flemingsberg, ng'ambo ya hospitali kubwa, kulikuwa na ukumbi wa ghorofa ya chini ulioitwa Verkstan, yaani karakana. Hapakuwa na spana wala grisi. Kulikuwa na meza ndefu nyeupe, viti vya rangi, mashine ya kahawa, na karatasi ndogo za njano ambazo mtu aliandikia wazo lake na kulibandika ukutani. Wanafunzi wa tiba, wa kompyuta na wa ufundi waliwekwa humo pamoja ili wavumbue kitu. Msimamizi wetu, Lennart, alikuwa na neno moja la Kiswidi kwa kila wazo: "Spännande," yaani linasisimua. Alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kututangazia kwamba maziwa yamekwisha.

Nilikuwa nimehitimu uhandisi wa tiba mwaka 2009 na sikuwa na kazi, lakini nilikuwa na meza Verkstan, na niliamini kwa moyo wote kwamba meza ile ingesaidia watu. Hasa mtu mmoja. Mama yangu, Mama Fébronie, alikuwa na presha, na majira ya baridi alianguka kwenye ngazi za stesheni ya Rinkeby, mtaa anakoishi. Vidonge alipewa, hakuvinywa. Nilitaka mama anywe dawa. Mengine yote niliyoyaeleza kwenye maombi yetu ya kupewa meza, kuhusu teknolojia na mustakabali wa jamii, yalikuwa njia ndefu ya kusema hivyo.

Kwanza nilikuwa nimemnunulia kisanduku kinacholia saa ya dawa ikifika. Alikitia kabatini, chini ya mablanketi.

"Kinalia kama maikrowevu," alisema. "Kwani mimi nimeiva?"

Kwa hiyo mimi na Mikael tukatengeneza kitu kingine. Mikael alikuwa kijana wa kompyuta, aliyezaliwa katika hospitali ya ng'ambo ya barabara na wazazi wa kutoka Bukoba. Alizungumza nami Kiswahili mpaka alipokasirika, ndipo alipohamia Kiswidi. Aliifundisha kompyuta kumpigia mgonjwa simu kila asubuhi na kumkumbusha dawa kwa Kiswahili. Mgonjwa akishakunywa, anabonyeza moja, na jibu linaonekana kwenye skrini yetu.

Tulihitaji sauti ambayo watu hawaibishii, nami nilijua moja tu. Katika kanisa letu la Wakongomani, Mama Concessa ndiye aliyeongoza kwaya na kusoma matangazo. Akisema kaeni, hata waliokwisha kukaa walikaa tena. Mimi nilikuwa nikienda kanisani Krismasi na Pasaka, kwa hiyo nilijua sauti za watu. Habari zao sikuzijua. Sikumwambia ni nani atakayepigiwa. Lennart alikuwa ametufundisha kutunza siri za wagonjwa.

Tulimrekodi katika chumba kidogo cha simu chenye sifongo ukutani. Alisema: "Habari ya asubuhi, mama. Umelala salama? Watoto hawajambo? Mungu ni mwema. Haya, kunywa dawa. Ukimaliza, bonyeza moja."

"Tukate salamu," Mikael alipendekeza. "Ni ndefu."

"We mutoto, nani alikulea?" Mama Concessa aliuliza. "Unaingia kwa mutu na dawa mukononi bila kumusalimia? Hata polisi anabisha hodi."

Salamu ikabaki.

Asubuhi ya kwanza, mama alibonyeza moja. Ya pili pia. Wiki nzima, kisha nyingine, hakukosa. Nilisimama mbele ya skrini na machozi yakanilenga. Mikael alinishauri ninywe kahawa. Lennart alisema inasisimua, akaweka tarehe ya sisi kuwaonyesha wageni kutoka manispaa. Wakipendezwa, tungebaki na meza mwaka mwingine.

Kisha mama akapimwa zahanati. Presha ilikuwa juu kuliko zamani.

Nilikwenda Rinkeby nikafungua kabati la jikoni. Vidonge vilikuwa vimejaa.

"Mama, dawa zote ziko hapa."

"Ziko. Zitaenda wapi?"

"Na kila asubuhi unabonyeza moja."

"Minabonyeza. Minataka ajue nimesikia."

"Anasema unywe kwanza."

"Kahindo," mama alisema, akaweka mwiko chini. "Concessa alinitoa mustari wa mbele wa kwaya, akaniweka nyuma kando ya ngoma. Mwaka muzima hatusalimiani. Sasa ule ndiye wa kunipa mimi dawa?"

Nikakaa kitako. Kwetu kanisani, wanawake wawili wakigombana, anayetangulia kusalimia ndiye aliyekiri kosa. Hakuna aliyelitunga sharti hilo wala anayelivunja. Na mama alikuwa akisalimiwa kila asubuhi, tena akiulizwa hata habari za watoto. Alikuwa ameshinda, na alishinda upya kila kulipokucha.

"Mama, ile ni mashine."

"Mashine ina sauti ya nani?"

Nilifunga kabati.

"Nimekwisha kuwaambia wamama wote dukani," mama alisema kwa upole.

Siku moja kabla ya wageni wa manispaa kuja, Mama Concessa aliingia Verkstan na kofia yake ya Jumapili, ingawa ilikuwa Jumatano. Alisimama mbele ya meza yetu.

"Kahindo. Nirudishie salamu yangu."

Lennart alikuja na kikombe cha kahawa, akamuuliza kama angependa kuandika uzoefu wake kwenye karatasi ya njano. Mama Concessa aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye, mpaka Lennart akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Spännande," alisema, akaondoka. Kahawa aliiacha.

"Mama Concessa, nisamehe," nilisema. "Sikujua kama hamsalimiani."

"Rinkeby muzima inajua! Wamama wananiuliza kama niliomba musamaha nikiwa nimepiga magoti ao nimesimama."

"Nitaifuta sauti yako leo hii. Ila sina nyingine ambayo mama ataipokea. Na tangu aanguke pale stesheni, presha haijashuka."

Mama Concessa aliuweka mkoba wake mezani. "Nani alianguka?"

"Mama."

"Lini?"

"Majira ya baridi."

"Na hakuna mutu aliniambia."

"Hamsalimiani," Mikael alimkumbusha.

Alikaa kwenye kiti cha rangi ya chungwa, ambacho kilikuwa kifupi mno kwake, akainywa ile kahawa mpaka mwisho. Kisha akauliza kama chumba chenye sifongo kiko wazi.

Mara hii hakusalimia. Alisema: "Fébronie. Kunywa dawa. Ukikufa, ni mimi nitaongoza nyimbo za maziko yako, na ule wimbo unaoupenda nitauimba mimi mwenyewe, mustari wa mbele. Bonyeza moja."

Mikael aliniuliza, kwa Kiswidi, kama tunaruhusiwa kumtumia mgonjwa maneno hayo. Nilisema ndiyo. Niliona kwamba ukweli wowote unaosemwa kwa nia njema una nafasi katika tiba.

Kesho yake wageni walikaa, skrini ikawashwa, kompyuta ikapiga. Mama alipokea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha simu ikakatika. Hakubonyeza kitu. Lennart aliwaeleza wageni kwamba Verkstan hata kushindwa huhesabiwa kuwa matokeo. Mimi nilikuwa nimeshachukua koti.

Nilipanda treni mpaka katikati ya jiji, kisha ile ya chini ya ardhi ya mstari wa bluu. Nilimpigia mama njia nzima. Laini yake ilikuwa inatumika. Nilimwona amelala sakafuni na simu mkononi. Nilimwona hivyo katika kila stesheni.

Nilifungua mlango kwa ufunguo wangu. Mama alikuwa amesimama jikoni, uso umemchangamka kama mtu aliyelala vizuri. Simu ilikuwa mezani, kipaza sauti wazi. Alikuwa ameikatia kompyuta akampigia Mama Concessa mwenyewe. Namba aliijua kwa kichwa.

"Nani atakuruhusu uimbe wimbo wangu?" alikuwa akisema. "Weye unaanzaga juu sana, pale katikati sauti inakwisha!"

"Sauti yangu haijakwisha hata siku moja!" simu ilijibu. "Weye ndiye unaingiaga mbele ya ngoma!"

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mikael.

"Skrini imeandika 'mtumiaji hajibu'," alisema. "Lennart anauliza tuwaambie nini wageni."

"Waambie hajibu."

"Tutanyang'anywa meza, Kahindo."

"Najua," nilisema. Nikakata.

"Na dawa umekunywa?" simu ya mezani iliuliza.

"Ningekunywa saa ngapi? Si weye unanichelewesha?"

"Kunywa sasa. Minasikiliza."

Mama alifungua kabati, akatoa vidonge viwili, akaviweka ulimini. Aliinama mpaka mdomo ukakaribia simu, akameza kwa kishindo, akabaki ameinama vilevile, akingoja.

"Sikusikia," ilisema simu. "Ongeza maji."

Mama akajaza glasi.