Kitambaa Cheupe Mlangoni

Dobi alikuwa amemaliza kumnyoa baba yake shavu la kushoto king'ora cha kiwanda cha barafu kilipolia. Wembe ukasimama hewani. Shavu la kulia lilikuwa bado limejaa povu.

"Haya, dobi," baba akasema. "Zoezi lenu hilo."

Mtaa mzima uliujua mpango. Gesi ikivuja kiwandani, kila mtu azibe pua kwa kitambaa kibichi na apande hadi uwanja wa shule. Wa mwisho kutoka atundike kitambaa cheupe mlangoni, waokoaji wajue nyumba ni tupu, wasipoteze muda. Vitambaa alivikata dobi mwenyewe, kutoka kwenye mashuka yaliyochakaa, akavifua na kuvipiga pasi. Alipouliza kuhusu wasiotembea, mwenyekiti wa mtaa alimjibu, "Hilo tutaliangalia, dada."

Akambeba baba mgongoni. Miguu ya mzee, iliyopooza tangu kiharusi, iliburuta sakafuni.

"Nimeyazidi mashuka uzito?"

"Mashuka hayaongei, baba."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikammaliza binti nguvu. Akamteremsha baba hapohapo kizingitini. Wakaketi chini, ndani ya mlango, mmoja amemwegemea mwenzake. Majirani walipita mbiombio wakitazama pembeni.

Mwenyekiti alisimama, akawaona. Akachukua kitambaa cheupe kwenye msumari wa ndani, akakitundika nje.

"Leo ni zoezi tu," alisema kwa upole. "Tusiuangushe mtaa."

Mwenyekiti akaurudishia mlango taratibu, kama anayemfungia mgonjwa aliyelala.

Kupitia upenyo wakawaona waokoaji, barakoa usoni. Mmoja aliangalia kitambaa, akaonyesha kidole gumba, wakapita. Baadaye makofi yakasikika kutoka uwanjani.

Alimburuta baba hadi kwenye mkeka, akarudi kukitungua kitambaa. Povu lilikuwa limemkaukia baba shavuni, likipasukapasuka. Akakichovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akamwekea shavuni lilainike.

"Watarekebisha," alisema. "Nitamfuata mwenyekiti kesho. Watatafuta machela, watu wawili..."

"Mama."

Baba hakuwa amemwita binti yake hivyo tangu akiwa mtoto. Akamshika kifundo cha mkono, kitambaa kikiwa bado kinachuruzika katikati yao.

"Siku ya kweli, usinibebe. Kitundike wewe mwenyewe, mapema, halafu kimbia."