Mikono Chini

Kesi ya Kiroboto iliamuliwa Jumatano asubuhi, mbele ya cherehani, huku mshtakiwa mwenyewe amelala chini ya meza akitafuna kipande cha suruali ya mteja.

Hakimu alikuwa shemeji, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Fundi. Ni mtu wa sauti nene, msimamizi wa bohari ya mbao, na popote aendapo hudhani bado yuko bohari. Shahidi alikuwa mama mkwe. Siku mbili kabla alikuja kuchukua gauni lake, akapokewa kwa miguu miwili ya mbwa kifuani, akaenda kukalia rundo la vitambaa. Hakuumia. Kusema kweli rundo lile lilikuwa laini kuliko kitanda chake. Lakini mtu mzima kuangushwa na mbwa si jambo dogo, na shemeji alilitia chumvi mpaka ungedhani mama yake kagongwa na lori.

"Shemeji, mjadala umefungwa," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kumchukua. Bohari inahitaji mbwa. Nitamfunga mnyororo pale langoni, arukie upepo."

"Huyu hajawahi kufungwa mnyororo tangu azaliwe."

"Atazoea."

"Na mimi hujaniuliza."

Shemeji alishangaa, kweli kabisa, kama vile cherehani ndiyo iliyosema. "Nikuulize nini? Mbwa alikuwa wa ndugu yangu. Mambo ya ndugu yangu tunayaamua sisi. Wewe, usinielewe vibaya, katika ukoo huu ni mgeni tu."

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini, na kila moja aliichoma kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Mumewe alikuwa na miezi kumi kaburini. Katika miezi hiyo kumi baiskeli yake ilikwenda kwa shemeji, koti lake la mvua likaenda kwa shemeji, ngazi na brashi zake za kupakia rangi zikaenda hukohuko, na kila kimoja kiliondoka kwa maneno matamu na pole nyingi. Fundi alinyamaza, kwa sababu siku zile hata kuinua kikombe kulikuwa kazi. Sasa alijiona mjinga, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Baiskeli mlichukua, nikanyamaza," alisema. "Ngazi mlichukua, nikawashikia mlango. Huyu humchukui kwa mdomo. Nipe mpaka hiyo Jumamosi. Akimrukia mgeni hata mmoja siku hiyo, njoo na mnyororo wako. Asiporuka, neno mnyororo nisilisikie tena humu ndani."

Shemeji alicheka. Siku kumi! Mbwa yule alikuwa na miaka mitano ya kuwarukia watu. Alikuwa amemrukia mkusanya taka, muuza maziwa, na bibi harusi mmoja aliyekuja kujaribu gauni. "Haya," alisema, akijua ameshinda. Mama mkwe alikuwa akimtazama mbwa.

Tangu saa ile Fundi alikaza uzi. Mgeni wa kwanza wa mazoezi alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya barabara, fundi viatu, mjane mwenzake, mtu wa maneno machache ambayo yote ni utani.

"Nirukiwe mara ngapi kwa siku, jirani?" aliuliza.

"Mpaka aache."

"Basi subiri nivae aproni ya ngozi. Suruali ninazo mbili tu."

Akavuka barabara, akabisha hodi, akaingia. Kiroboto akamrukia. Fundi akapiga kelele na kutupa mikono juu: "Shuka! Toka!" Kiroboto akashuka kwa fundi viatu, akamrukia Fundi. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda siku mbili nzima, na sauti ikamkauka.

"Jirani, unapiga kelele mno," fundi viatu alisema, akijipangusa alama za nyayo. "Yeye anadhani na wewe umefurahi. Akiruka, mpe mgongo. Usiseme kitu, wala usimtazame. Akiweka miguu yote minne chini, hapo mpe kitu kitamu."

Fundi akachemsha maini, akayakata vipande vidogo, akavitia kwenye kopo la vifungo. Akatandika kipande cha zulia kando ya mlango. Kufikia siku ya tano, fundi viatu aliweza kuingia na jozi mbili za viatu mikononi na Kiroboto akakaa kwenye zulia lake, mate yakimdondoka, macho kwenye kopo. Fundi alijisikia mshindi.

Furaha yake haikumaliza saa nzima. Mwalimu mmoja, mteja wake wa zamani, aliingia na madaftari kifuani. Kiroboto alimnusa viatu, akaenda kukaa. Fundi akampa ini, akavuta futi ya kupimia shingoni mwake, akasema lile neno analolisema mara ishirini kwa siku: "Nyanyua mikono, mwalimu."

Mwalimu akanyanyua. Kiroboto akaruka kutoka mlangoni, madaftari na mwalimu wote wakaenda chini.

"Mbwa huyu anahitaji viboko!" mwalimu alisema kutoka sakafuni.

Fundi alisimama na futi mkononi, na kitu kilikuwa kinamjia. Alimwona mumewe akiingia kwa mlango uleule, rangi kwenye nyusi, kifurushi cha chakula kakiinua juu kwa mikono miwili ili mbwa asikifikie. Alikuwa akipiga mluzi wake wa sauti mbili, moja ya chini na moja ya juu, na Kiroboto anaruka mpaka kifuani. Kila jioni, miaka minne na zaidi. Mikono juu, mbwa juu.

Na mtu yeyote akiogopa mbwa hufanya nini? Hunyanyua mikono. Na mwenye mbwa akimfukuza? Hunyanyua mikono. Na Fundi, kutwa kucha, anawaambia wateja wafanye nini? Miezi kumi alikuwa akimwita mbwa kwa nguvu zake zote, kisha anamgombeza kwa kuitika. Alikaa chini pale pale karibu na mwalimu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakuwa tena ya kucheka. Mwalimu, mtu mwema, akamwazima leso.

Kesho yake mlangoni palikuwa na karatasi, maandishi makubwa ya chaki ya kushonea: INGIA MIKONO CHINI. MBWA YUKO MASOMONI.

Zilibaki siku nne. Fundi viatu alisimama katikati ya chumba akinyanyua mikono mpaka kiunoni. Mbwa amekaa? Ini. Mpaka mabegani. Amekaa? Ini. Juu ya kichwa. Ameruka? Mgongo, tena upya. "Nikikamatwa na polisi nitakuwa nimeshajua la kufanya," fundi viatu alilalamika, lakini hakukosa hata siku moja. Wateja nao hawakuachwa. Mmoja alikataa katakata: yeye alikuja kushonewa, hakuja shule.

"Basi suruali utaivaa hivyo hivyo, ikifagia barabara," Fundi akamwambia, akaendelea kukanyaga cherehani. Mteja akatoka, akasoma tena karatasi, akarudi mikono chini.

Jumamosi ikafika. Shemeji alibisha hodi saa nne kamili, mnyororo begani, mama yake mbele. Mama mkwe akaingia polepole, mikono ikiwa kwenye mpini wa fimbo yake. Kiroboto alitikisa mkia mpaka zulia likasogea, lakini hakuinuka. Mama mkwe akapita, akapewa kiti.

Shemeji akaingia. Mbwa akakaa. Shemeji akazunguka chumba akigongesha mnyororo. Mbwa akakaa. Akamkaribia, akanyanyua mikono yote miwili juu, kwa kuwa karatasi ya mlangoni alikuwa ameisoma vizuri. Masikio ya Kiroboto yalitetemeka, koo likatoa mlio mwembamba, akamtazama Fundi. Akakaa.

"Umeona," Fundi alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Chai ipo. Mnyororo uweke nje."

Ingeweza kuishia hapo kwa mtu mwenye haya. Shemeji alimtazama mbwa, akamtazama mama yake, uso ukamwiva. Mikono ikiwa bado juu, akakunja midomo, akapiga mluzi. Sauti mbili, ya chini na ya juu. Walijifunza pamoja utotoni, yeye na mdogo wake, na chumba kile kilikuwa hakijausikia kwa miezi kumi.

Kiroboto akaruka. Hakuruka kwa mchezo. Alimfikia shemeji kifuani, akamnusa shingo, akamnusa kidevu, akamnusa mikono. Kisha akashuka mwenyewe, bila kuambiwa, akaenda mlangoni, akachungulia barabara upande huu na upande ule. Akarudi kwenye zulia, akalala, kichwa juu ya miguu.

"Umeona mwenyewe," shemeji alisema, lakini ile sauti ya bohari ilikuwa imepungua. Akashusha mnyororo begani.

Fundi akasimama kati yake na zulia. Hakuwa mrefu, futi ilimning'inia shingoni na mkasi ulikuwa mfukoni mwa aproni.

"Nimeona," alisema. "Tulikubaliana asimrukie mgeni. Hakumrukia mgeni. Umemwita kwa mluzi wa mwenye nyumba, akaenda kumpokea mwenye nyumba, hakumkuta. Hiyo ndiyo hila uliyokuja nayo? Kumtumia ndugu yako ili umchukue mbwa wake?"

"Shemeji, chunga mdomo wako. Makubaliano ni—"

"Nimeuchunga miezi kumi. Imetosha. Mbwa haondoki. Kama unataka kumfunga mtu mnyororo langoni, anza na mimi, uone kama nitazoea."

"Mama," shemeji aligeuka, "unamsikia huyu anavyo—"

Mama yake alikuwa amesimama. Fimbo ilikuwa chini, karibu na kiti, na yeye alikuwa amesimama bila kushika chochote, uso umeelekea mlangoni.

"Umepiga mluzi wa mwanangu," mama mkwe alisema. "Nimeinuka hata mimi. Utanifunga na mimi?"

Fundi aliokota fimbo, akampa, na yule mama akamshika mkono badala ya fimbo. Tangu siku ya mazishi walikuwa hawajashikana.

"Toka nje," mama mkwe akamwambia mwanawe. "Acha hilo dude huko. Ubishe hodi upya, uingie kama mtu aliyelelewa."

Msimamizi wa bohari ya mbao, mwenye wafanyakazi wanaoinuka akikohoa, akatoka. Walisikia mnyororo ukianguka kwenye ngazi za nje. Kisha ikaja hodi, ya sauti ndogo.

"Karibu," Fundi akasema. "Mikono chini."

Akaingia mikono chini. Kiroboto akamtazama, akabaki kwenye zulia. Fundi akafungua kopo la vifungo, akampa mbwa kipande cha ini. Nusura ampe na shemeji.

"Baiskeli," Fundi alisema akimimina chai, "utairudisha Jumatatu. Na ngazi."

Shemeji akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anapuliza chai.

Walipoondoka, Fundi alirudishia mlango, akageuka. Kiroboto alikuwa bado kwenye zulia, mtiifu, macho yakimfuata. Mwanafunzi bora. Fundi akavua futi shingoni, akaiweka mezani, akasogeza mkasi mbali.

"Hayo yote ni ya wageni," alimwambia. "Mimi si mgeni hapa."

Kisha, kwa mara ya kwanza bila hasira na bila kumfukuza mtu, akanyanyua mikono yake yote miwili juu.