Mpangaji wa Chumba cha Mwisho

Niliota usiku wa jana kwamba albamu yangu ya jazi imekuwa nyumba, na mimi ndiye mpangaji wake.

Hilo halikunishangaza. Kazi yangu ni kupiga kinanda na kupanga muziki, na pale studio wananiita hivyohivyo: Mwantumu, mpangaji. Kila wimbo ulikuwa chumba. Katika chumba cha kwanza tarumbeta zilikuwa zinakunywa uji. Katika cha pili, ngoma na gitaa la umeme walikuwa wanagombania upande wa ukutani, maana niliwapanga kitanda kimoja.

Kinanda changu kilikuwa kimekaa barazani kama mwenye nyumba, kimekunja nne.

"Chumba cha mwisho hakijafungwa," kikasema.

"Najua."

"Na ndani kuna mtu."

"Najua. Ni kaka yangu."

Kaka Shaweji alikuwa mpiga besi wetu. Alifariki tukiwa tumebakiza mwisho wa wimbo wa mwisho. Tangu hapo wenzangu wananisihi tumalize, nami nawaambia kesho.

Naingia. Chumba ni wodi ya hospitali, halafu ni sebule ya mama, halafu ni studio. Kaka amesimama chini ya ngazi ya mbao, besi imening'inia begani, viatu vimefungwa kamba kwa safari.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mwantumu, mbona umenipanga humu?"

"Sijakupanga. Wimbo tu haujaisha."

"Ndiyo kunipanga huko. Nitatokaje? Tazama ngazi."

Natazama. Ni ngazi ya muziki, ile ya do, re, mi. Imefika ti, sauti ya saba, ikakoma. Kidato cha juu hakipo. Darini kuna mlango mdogo, uko wazi, na hakuna wa kuufikia.

"Nikikupa hicho kidato utaondoka," nasema.

"Nitaondoka."

"Basi sikupi."

Hakasiriki. Hata akiwa hai hakuwa mtu wa hasira. "Miguu inaniuma, mdogo wangu," anasema. "Nimesimama tangu matanga."

Nalia. Kinanda kinaingia, kinanifuta machozi kwa kitambaa chake cha vumbi, kinatoka.

Kaka ananivisha besi. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Anachukua vidole vyangu, anaviweka juu ya uzi mnene.

"Bonyeza hapa. Usiachie mpaka nipite. Ukiachia, naanguka."

Nabonyeza. Sauti inatoka, nene, ya chini, na kidato kinaota juu ya ngazi kama jino. Kaka anapanda. Uzi unanikata vidole.

"Bado?" nauliza.

"Bado kidogo."

"Kaka, unaniumiza."

"Najua. Nawe uliniumiza. Shikilia."

Nashikilia. Kichwa kinapita mlangoni, kisha mgongo, kisha viatu. Mlango unafungwa taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilimpigia simu Mwinyikondo, mpiga ngoma wetu.

"Waite wenzako. Leo tunamaliza."

"Una hakika, dada?"

"Nina hakika."

Nilipoweka simu chini ndipo nikaona vidole vyangu vya mkono wa kushoto. Vilikuwa na mfereji mwembamba, mwekundu, uliopita kidole hadi kidole. Mimi maisha yangu yote ni kinanda; uzi wa besi sijawahi kuushika. Nilikaa kitandani nikautazama, mpaka nyama ikajaa tena, taratibu, ukapotea.