Hatua Nne za Tasio

Miaka sita Zenon Olabarri hakumsemesha Tasio Lertxundi, isipokuwa Jumapili, na Jumapili yenyewe neno moja tu: "Tasio!" Basi, kwisha. Neno hilo lilikuwa la kazi. Akilisikia, Tasio alipanda hatua nne mbele, Zenon akabaki nyuma karibu na kipa, na mshambuliaji aliyejiona keshafika akajikuta ameotea. Sheria ya siku zile ilitaka kati ya mshambuliaji na mstari wa goli wawepo watu watatu wa timu pinzani. Tasio akishapanda, wanabaki wawili. Refa anapuliza filimbi, mshambuliaji anatukana, na mji mzima wa Zubialde, wafua vyuma na wauza sadini, unaangua kicheko.

Mabeki wawili, vitambaa vyeupe vimefungwa kichwani, miaka kumi na moja bega kwa bega. Watu waliwataja kwa pamoja, Lertxundi-na-Olabarri, kama jina la duka. Nani angedhani hawasalimiani?

Walikosana mwaka 1919, kwenye nusu fainali. Zenon aliita, tena mapema, na Tasio alisikia vizuri kabisa. Ila alikuwa amechoka, akajiambia ule mpira hautafika. Ukafika. Wakatolewa. Mwandishi wa gazeti alipomuuliza kulikoni, Tasio, ulimi hauna mfupa, akasema, "Olabarri alichelewa kuniita." Kesho yake Zenon alilisoma gazeti kwenye baa ya Kandida, mbele ya watu wote, akalikunja, akaliweka chini ya glasi ya Tasio, akatoka zake.

Kwa Tasio, kuomba radhi ilikuwa maneno mawili. Jamani! Mtu anayebeba chuma cha moto kiwandani siku sita za juma akashindwa kubeba maneno mawili. Kwanza aliona haya, halafu ukapita mwezi, halafu mwaka, na haya ikawa nzito zaidi.

Mama yake alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Nyumba ikabaki na sufuria moja, kiti kimoja kinachotumika na saa ya ukutani. Kiwandani msimamizi alimwita Lertxundi. Kandida alimwita Beki. Jina la Tasio, alilopewa na mama yake, likabaki kinywani mwa mtu mmoja tu, na huyo alilitamka mara moja kwa juma kwa ajili ya mpira. Lakini lilitamkwa. Tasio alikuwa akiamka Jumatatu akianza kuhesabu siku.

Jumapili baada ya misa wanaume huzunguka baa hadi baa, kikundi kwa kikundi, glasi ndogo ndogo za mvinyo, mpaka saa ya chakula. Kikundi cha Zenon ndicho kilichokuwa kikundi cha Tasio tangu utotoni. Sasa alisubiri pembeni ya mtaa mpaka watoke, ndipo aingie yeye, glasi zao bado zimelowa juu ya kaunta.

"Beki, umekuja kufagia walikopita wenzako?" Kandida alimchokoza.

"Nina kiu tu, Kandida."

"Kiu ya nini, hebu sema! Nenda kamwambie yule mwenzio ulikosea, uache kuninunia hapa kama mkwe."

"Nitamwambia kesho."

"Kesho yako hiyo ina miaka sita! Kunywa, unilindie kaunta, nina chewa jikoni."

Kisha ikaja mwaka 1925, wakubwa wa mpira wakabadili sheria. Sasa walitosha watu wawili badala ya watatu. Kila mtu aliambiwa, hata Zenon na Tasio. Lakini mechi ya kwanza ya Septemba Zenon aliita kwa mazoea, "Tasio!", na Tasio akapanda kwa mazoea, na mshambuliaji akapita zake peke yake mpaka kwa kipa. Mara tatu. Magoli matatu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Don Hilario, mkuu wa timu, alimshika bega. "Lertxundi, pumzika sasa."

"Nitajifunza kubaki nyuma, Don Hilario."

"Una miaka thelathini na mitano. Miguu yako inajua njia moja tu, mwanangu. Iache jezi."

Tasio akamtazama Zenon, aliyekuwa akifungua viatu. Zenon akakunja kitambaa chake, akaondoka. Tasio akaiacha jezi. Haikumuuma jezi, wala magoli. Kilichomuuma ni swali moja: Jumapili ijayo nani atamwita?

Jumapili hiyo aliapa hatakwenda uwanjani. Alikwenda. Alisimama nyuma ya mstari kwenye manyunyu, koti limefungwa mpaka shingoni, kofia ya bereti kichwani, Kandida kando yake na mwavuli. Nafasi yake amepewa Bikandi, kijana mwenye pumzi na adabu, aliyekatazwa kabisa kupanda.

Kipindi cha pili, mpira mrefu ukapigwa juu upande wao. Mshambuliaji akachomoka. Zenon akapaza sauti:

"Tasio!"

Bikandi akageuka, akatazama huku na huku akimtafuta anayeitwa. Uwanja mzima ukacheka, na mtazamaji mmoja akadakia: "Olabarri! Mke kakuacha na bado unamwita jikoni!"

Tasio hakucheka. Alikuwa ndani ya uwanja. Moja, mbili, tatu, nne, miguu ilikuwa imekwisha kwenda kabla yeye hajaipa ruhusa, na alisimama kwenye tope na viatu vyake vya misa. Refa akapuliza filimbi kwa hasira. "Wewe mwenye bereti! Umelewa?"

Zenon alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Miaka sita hawakuwahi kutazamana hivi. Tasio akaona kwamba akirudi nyuma ya mstari sasa, hatavuka tena maisha yake yote.

"Zenon," akasema. "Mwaka ule uliniita mapema. Nilikusikia."

Zenon akavua kitambaa, akajifuta mvua usoni. "Najua ulinisikia. Nilikuona ukigeuza kichwa."

"Nilisema uongo. Nisamehe."

"Mjinga wewe," Zenon akasema, na sauti yake ikakwaruza. "Nimengoja mpaka nimesahau nilitaka kukujibu nini."

"Nahesabu mpaka tatu!" refa akafoka.

"Toka sasa, Tasio," Zenon akamwambia, taratibu, bila mpira wowote kuwa njiani. "Toka, wasije wakatufungia uwanja."

Tasio akarudi zile hatua nne, polepole. Kandida akamsogezea mwavuli. Filimbi ikalia, mpira ukaanza tena. Nyuma yake akasikia Zenon akiita, "Bikandi! Baki, Bikandi!" Aliita mara mbili, kisha mara ya tatu bila sababu yoyote. Alikuwa anajifunza jina.